Jina la Mjomba kwenye Kadi ya Kliniki

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa na magwanda mapya na ujuzi kiduchu. Nilikuwa nimemaliza ukuruta, nikafundishwa huduma ya kwanza na kupangiwa hospitali ya kikosi. Nikaingia wodini kwa kishindo, nikasimama mguu sawa mbele ya kitanda na kupiga saluti. Muuguzi Mkuu, mama mwenye cheo cha meja, akanitazama juu ya miwani.

"Praiveti, mgonjwa hapigiwi saluti. Nenda kanawe mikono."

Nilikaa jeshini miaka mingi, nikasomeshwa ukunga, nikapanda hadi usajenti. Mwanangu Tumaini nilimzaa hospitali hiyohiyo, daktari upande huu, meja upande ule. Mwaka huohuo mdogo wangu alijifungulia nyumbani kwetu Masasi, damu ikakataa kukatika, akafia kwenye baiskeli wakimkimbiza hospitali. Nilimlilia sana na bado namlilia. Muda wangu wa jeshi ulipokwisha niliomba kazi halmashauri, nikasema nipelekwe kokote ambako akina mama wanazalia nyumbani.

Wakanipeleka Newala, zahanati moja upande wa Chilangala. Ninyi wakunga wa leo mna bomba mlangoni. Enzi zetu kila mjamzito alikuja kujifungua na ndoo yake ya maji, na maji yenyewe yalifuatwa bondeni. Mganga mfawidhi, ndiye mkubwa wa zahanati, alikuwa mtu mpole asiyependa kelele, na mimi nilikuja na za kambi nzima. Saa moja na nusu asubuhi wajawazito wote mstari mmoja, kadi mkono wa kulia. Wakanibatiza Mama Afande.

"Mama Tumaini," mfawidhi aliniambia, "hii si kombania."

Nilimwitikia vizuri, kesho yake nikaendelea vilevile.

Ndipo akaja Somoe. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imeishia kwenye upasuaji na mtoto hakupona. Sasa alikuwa na ya pili, na mwenye kovu la upasuaji hazalii zahanati, sembuse nyumbani. Wiki mbili kabla ya siku zake za kujifungua alitakiwa ahamie chigonela, nyumba ya wajawazito wanaosubiri uchungu jirani na hospitali. Nikamwita mumewe, Issa, tukajaza mpango wa kujifungua kwenye kadi: nani atamsindikiza, usafiri upi, siku gani. Issa akatia sahihi. Kwangu amri ilikuwa imetoka, nikafunga daftari.

Siku ya safari ikapita, na ya pili yake ikapita. Nikapanda pikipiki hadi kwao. Issa alikuwa anaanika korosho uani, hakuniangalia usoni. Somoe alikuwa mkekani na mama yake.

"Somoe, inuka, tunaondoka," nikasema.

Hakuinuka mtu. Somoe akaanza kulia polepole.

"Mama Tumaini, usitukasirikie," mama yake akasema. "Umesema na mkwe wetu. Huyu mtoto ana mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mjomba wake. Yuko Tandahimba."

Nikasikia aibu mpaka masikioni. Hata kwetu Masasi, nilikokulia, mtoto wa dada ni wa mjomba. Wanasema mkataa kwao mtumwa. Mimi sikukataa kwetu, ila mguu sawa na nyuma geuka zilikuwa zimenisahaulisha. Somoe alitaka kwenda na Issa alitaka aende, lakini hakuna ambaye angemruka mzee, na kila siku iliyopita uchungu ulikuwa unakaribia.

Kesho yake asubuhi nikaenda Tandahimba. Nikamkuta huyo mjomba, Mzee Bakari, kwenye ghala la chama cha msingi cha wakulima, amekaa juu ya magunia yake ya korosho akisubiri mizani. Tulikuwa karibu rika moja, lakini nilipiga goti.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Wewe ndiye yule afande?"

"Ndiye mimi."

"Askari akifika kwenye nyumba ya watu huanza na nani?"

"Na mwenye nyumba."

"Issa ni kijana mzuri, ila ni mkwe. Safari ile walimpeleka hospitali bila kuniambia. Nilifika kaburi la mtoto limekwisha kufukiwa. Nikasema haitatokea tena."

Jeshini sikuwahi kumwomba raia msamaha. Pale nilisema, "Nimekosa, mjomba." Kisha nikagusa gunia alilokalia, nikamwonyesha mshono. Nikamweleza kwamba tumbo la uzazi la Somoe limeshonwa hivi, na uchungu ukilisukuma linaweza kuachia. Likiachia akiwa kijijini, tunazika wawili.

Akaupapasa ule mshono kwa kidole. Kisha akamwachia jirani yake magunia, akasema, "Twende."

Alifika, akamwambia mpwa wake maneno machache tu: "Chukua khanga zako. Na mimi nakwenda." Hapo kila mtu akainuka. Siku ya nne ya kukaa chigonela uchungu ulianza, wakampasua mapema, akapatikana mtoto wa kike mwenye sauti kubwa kuliko yangu. Daktari aliniambia kovu lilikuwa limebaki jembamba sana. Niliingia chooni nikalia, nikamkumbuka mdogo wangu.

Tangu hapo kila kadi niliandika kwa penseli, juu ya jina la mume, jina la mjomba na anakopatikana. Mratibu wa wilaya wa afya ya mama na mtoto alikuja kukagua, akakunja uso.

"Sista, hii haimo kwenye mwongozo."

"Haimo, bosi. Lakini bila huyu mjomba, mama hafiki hospitali."

Akaguna, akaipitisha kadi, nami nikaendelea kuwasumbua wajomba kwa simu na kwa pikipiki. Mistari ya kliniki niliiacha, wakakaa kwenye mikeka wakipiga soga. Wanangu mnaoanza kazi, kuuliza si ujinga. Mimi nilichelewa kuuliza, kidogo tu inigharimu watu wawili.

Siku ya kuniaga halmashauri walinipa cheti na godoro. Nikashukuru, nikatangaza kwamba narudi Masasi kupumzika. Mzee Bakari akasimama bila kukaribishwa.

"Mama Tumaini, wajomba zako wako wapi?"

"Wamekwisha kufa wote, mzee."

"Basi kuanzia leo mjomba wako ni mimi. Ukitaka kuhama, utaniomba ruhusa."

Watu wakapiga vigelegele. Niliomba ruhusa wiki ile ile, nikaomba tena baada ya msimu wa korosho, na mwaka huu nimekwenda kwake mara mbili. Bado anafikiria, na mimi bado niko Newala.