Bolti Nilizozikaza Ijumaa Jioni

Mwanangu, karatasi iliyomfukuza kazi dereva Onchari niliiandika mimi, kwa mkono huu, na ilikuwa ya uongo. Niliandika: "Gari ni zima. Kosa ni la dereva." Kisha nikaweka sahihi.

Siku hiyo naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, fundi mwenye gereji yake Mosocho, na kila mtu aliniita mtaalamu. Zahanati moja ya kanisa iliniletea gari lake la kwenda vijijini. Matope ya Birongo yalikuwa yamewachosha, wakataka gari liinuliwe. Nikalitia springi ndefu mbele na nyuma. Lilipendeza kweli. Watu walisimama kulitazama.

Wiki tatu baadaye Onchari, dereva wa zahanati, akarudi.

"Fundi, tangu uinue hii gari, nyuma inacheza. Mimi naenda Nyansiongo, nyuma inataka kubaki Keroka."

Watu gerejini walicheka. Nikabadilisha shoki za nyuma, zile za kupunguza mtikiso, bila hata kuchungulia chini, kwa sababu nilidhani ninajua. Akarudi tena. Safari hii nilimjibu kwa sauti, ili wote wasikie: "Onchari, gari haichezi. Ni wewe unacheza. Asubuhi ulikunywa uji ama chang'aa?"

"Mimi ni Msabato, fundi. Tunakaa benchi moja kanisani."

Nililiendesha kwenye lami mpaka sokoni na kurudi. Likiwa tupu, kwenye barabara tambarare, halikuyumba hata kidogo. Nikamrushia ufunguo.

Siku chache baadaye, akiteremka mlima wa majani chai karibu na Nyansiongo, nyuma ya gari ilihama, na gari likaingia mtaroni. Nesi aliyekuwa naye alivunjika mkono. Kamati ya zahanati ikaomba neno la fundi, nami nikawapa ile karatasi. Mzaha wangu wa chang'aa ulikuwa umeshawafikia. Barua ya kumfukuza kazi waliyompa Onchari ilisema aliendesha akiwa mlevi.

Dereva mpya aliendesha siku mbili tu, akakataa. Akalipeleka gari kwa Mzee Mogaka, fundi wa matrekta pale Nyansiongo, naye Mzee akaniita.

Hakunisalimu. "Ingia chini. Usiguse kitu. Tazama tu."

Nikalala chali chini ya gari. Wanaume wawili wakalisukuma ubavuni, huku na huku. Pale nyuma kuna chuma kirefu kinachotoka kwenye fremu mpaka kwenye ekseli, ule mhimili wa magurudumu, kazi yake kuizuia ekseli isihame kwenda kando. Kila waliposukuma, ncha ya chuma hicho ilicheza kwanza, ndipo ekseli ikafuata. Mpira wa bushi yake, ile pete inayoshika ncha kwenye bolti, ulikuwa umechanika kabisa. Kisha Mzee akapima kwa uzi kutoka fremu hadi gurudumu, upande huu na upande ule. Ekseli nzima ilikuwa imevutwa kushoto kwa vidole viwili. Nililiinua gari, nikaacha chuma kilekile, ambacho sasa kilikuwa kifupi mno.

"Hizi bolti ulizikaza gari ikiwa wapi?"

"Juu ya jeki, tata," nilimjibu, kama mtu anavyomjibu baba yake. "Magurudumu yakining'inia."

"Kwa nini hukuishusha kwanza?"

"Ilikuwa Ijumaa. Jua lilikuwa linazama, Sabato ilikuwa inaingia."

"Kwa hiyo uliukamata mpira ukiwa huru, halafu gari ikashuka ikausokota mpaka ukachanika. Nani alikukataza kumalizia Jumapili? Ulikimbilia kwenda kuimba, ukamwachia mwenzako kifo kwenye bolti. Na alipokuja kukwambia, ukamwita mlevi!"

Nikarudi chini ya gari, nikaufungua ule mpira.

Niliubeba ule mpira ndani ya bahasha hadi kwa mwenyekiti wa kamati. Hakuifungua. "Fundi, jambo hilo tulishalifunga. Tukilifungua, watu watasema kamati haijui kazi." Nilimwambia kwamba mtu asiye na hatia anaitwa mlevi. Akasema tuombe. Hasira niliyotoka nayo pale bado ninayo, mwanangu, na nusu yake ni juu yangu mwenyewe.

Nawaona nyinyi vijana mkiinua magari kwa kutazama video za dakika mbili kwenye simu. Sikilizeni. Dereva akikwambia nyuma inayumba, mwamini kabla hujaamini mikono yako. Usibadilishe kitu kwa kubahatisha. Lala chini, mwambie mtu asukume, tazama kinachotangulia kucheza. Pima pande zote mbili. Lijaribu gari kwenye barabara linakotumika, likiwa na mzigo wake. Bolti za bushi zikaze magurudumu yakiwa yamekanyaga ardhi, na kama jua limezama, liache gari gerejini na useme wazi kwamba halijaisha. Mungu wa Sabato hatakulaumu kwa gari lililobaki nusu. Na usitie sahihi ya kuharibu jina la mtu kwa sababu unalinda lako.

Mungu awape macho ya kuona na ulimi wa kukiri mapema. Kila mliyemtengenezea gari afike kwake salama, na watoto wake wamlaki mlangoni.

Onchari alihamia Narok, anaendesha trekta. Nimemwendea mara mbili. Mara zote mbili alinikaribisha chai na hakulitaja jambo hilo. Nakala ya ile barua bado imo kwenye faili la zahanati, na kamati ya sasa, niliyoiandikia iiondoe, haijanijibu.