Injini Kubwa kwenye Pikipiki ya Baba

Baba yangu aliniachia pikipiki ya milimani, ya zamani kuliko mimi. Alikuwa katekista, na kwa miaka mingi ilimpandisha vilima vya Fizi kwenda kusalisha vijiji ambavyo padri alivifikia kwa nadra. Ilikuwa na magurudumu marefu yenye meno, tangi lililokwanguka rangi mpaka bati likaonekana, na injini ndogo iliyokohoa kila asubuhi kabla ya kukubali kuwaka. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa mjini Baraka, chini ya vilima hivyo. Baba alipofariki niliendelea kuitumia hivyo hivyo, hadi injini ikachoka kabisa. Kwenye mlima wa Fizi nilikuwa nashuka na kuisukuma, huku waendesha pikipiki za abiria wakinipita wakipiga honi na kucheka.

Nilichoka kuchekwa. Nasema hivyo kwa sababu baadaye niliwaambia watu kwamba nilihitaji injini yenye nguvu kwa ajili ya kazi, na haikuwa kweli.

Fundi wangu alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, mtu wa makamo, mpole, aliyejifunzia ufundi kwenye mashine za kahawa huko kwao. Nilimpelekea injini niliyoipata kutoka kwenye pikipiki iliyogongwa na lori. Aliizungusha mkononi, akaipima kwa kamba, akaipima na sehemu ya kuikalisha, kisha akanitazama.

“Mwalimu, hii moteri iko na nguvu mara mbili ya ile ingine. Kuingia, itaingia. Lakini breki ni ile ile, mnyororo ni ule ule, na hivi vyuma vya pikipiki vimezeeka. Nipe wiki mbili nitafute gurudumu ya mbele yenye breki ya nguvu.”

“Breki tutabadilisha kisha,” nikamjibu. “We weka moteri kwanza.”

Alikata vyuma vilivyoshika injini ya zamani, akachomelea vingine vipya. Kazi ilichukua siku tatu. Ilipowaka, mabati ya karakana yalitetemeka na watu wakatoka sokoni kuangalia. Mimi nilicheka kwa furaha. Yeye hakucheka.

“Uende polepole,” alisema. “Na usibebe muntu.”

Nikakubali.

Siku chache baadaye mke wangu, aliyekuwa na mimba ya kwanza, alilazwa hospitalini. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, na daktari akasema watampasua kesho yake asubuhi. Mke wangu hakulia. Alinishika kidole kimoja tu akasema, “Niletee mama.”

Mama yake anaishi Fizi-Centre, juu kule. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, barabara imeharibika, na waendesha pikipiki wengi walikataa kupanda. Ningeweza kukaa barabarani kusubiri lori. Sikusubiri.

Kwa kilomita za kwanza niliendesha kama mfalme. Halafu ikaja kona ya mawe. Niliongeza mafuta kidogo tu, na gurudumu la mbele likaacha ardhi. Niliona mbingu mahali ambapo barabara ilipaswa kuwa. Liliporudi chini lilinipiga mikono hadi mabegani. Kuanzia hapo niliendesha kama mtu aliyeazima mnyama asiyemjua. Na kila shimo nililopita, chini ya tangi kulikuwa na sauti ndogo: tik. Nilisimama mara mbili, nikainama, nikatazama. Sikuona kitu. Pande zote hapakuwa na mtu, na kwetu, kwa hofu ya watu wenye bunduki, barabara isiyo na watu haimpi mtu moyo wa kukaa sana. Nikapanda tena.

Mama mkwe, niliyempigia simu kabla ya kuondoka, alikuwa ananisubiri mlangoni, mizigo tayari. Ni mama mrefu, mwimbaji wa kwaya, asiyependa maneno mengi. Kwetu mwanaume hamgusi mama mkwe wake. Tukikutana njiani mimi humpisha na kutazama pembeni. Sasa ilibidi akae nyuma yangu kwa safari nzima. Aliweka mfuko wa unga katikati yetu, akashika chuma cha kubebea mizigo.

“Mukwe, hii pikipiki iko salama?”

“Iko salama, Mama.”

Nilisema hivyo nikiwa nimetazama pembeni, na kwa mara ya kwanza nilishukuru desturi hiyo.

Mteremko ulianza vizuri. Niliweka gia ya pili ili injini itushikilie, breki nikizigusa kidogo kidogo. Ile tik ikawa tak. Nikaanza kunusa kitu kinachoungua, nikajua ni breki ya nyuma. Ya mbele niliikamata mpaka ikagusa mpini, na haikufanya lolote. Nikajiambia: injini bado inatushika, injini bado inatushika.

Mnyororo ukakatika.

Injini ikapiga kelele peke yake na pikipiki ikaachiliwa. Nilikanyaga, nilivuta, niliburuza viatu kwenye matope. Upepo ukaanza kunitoa machozi. Upande wa kulia kulikuwa na bonde tu, na mbele, chini kabisa, kona yenye miamba. Ndipo mikono miwili ya Mama ikanizunguka kiunoni, unga na vyote, na uso wake ukanigandia mgongoni.

“Tupa mu mihogo!” alipiga kelele sikioni mwangu. “Mukono wa kushoto! Mu mihogo!”

Nikakata kushoto. Tulivuka mtaro, tukapiga tuta la kwanza, na sikumbuki la pili.

Nilipofumbua macho nilikuwa nimelala kati ya mashina ya mihogo, mdomo umejaa udongo uliolowa. Nikaita, “Mama!” Kimya. Nikaita tena. Katika maisha yangu sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa katika kimya kile. Akilini nilimwona mke wangu, kesho yake baada ya kupasuliwa, akifumbua macho na kuuliza mama yuko wapi.

Alikuwa nyuma yangu, amelala kifudifudi, nywele nyeupe kwa unga, midomo ikicheza. Alikuwa anasali. Alipomaliza aliketi, akajishikashika mikono na magoti, akanitazama usoni.

“Ulijua?”

“Nini, Mama?”

“Pikipiki. Ulijua iko mubaya?”

Ningeweza kudanganya tena. “Nilijua, Mama.”

Alijikung'uta unga kichwani. Kisha akasema, “Usimwambie mutoto wangu mpaka atoke ku operasio.”

Bamama wenye shamba walikuja mbio, wakatuosha, na lori la mkaa likatuteremsha hadi Baraka jioni hiyo. Kesho yake, wakati wanampasua mke wangu, mimi na mama mkwe tulikaa kwenye benchi moja, yeye mwanzo, mimi mwisho. Alimimina chai kwenye kikombe, akakiweka katikati ya benchi na kuondoa mkono wake, nami nikakichukua. Nilikuwa sijaimaliza muuguzi alipotoka kutuambia ni msichana, na kwamba wote wawili ni wazima.

Pikipiki nayo ililetwa na lori hadi kwa fundi; aliiosha, akaniita. Kando ya chuma alichochomelea, chuma cha zamani kilikuwa kimepasuka karibu kuzunguka chote.

“Mnyororo ndiyo ulikuokoa,” alisema. “Kama haungekatika, mungelifika ile kona, na hapa pangeachana.” Halafu akakaa chini, juu ya gurudumu, akajishika kichwa. “Na mi ningewaambia nini bantu? Niliona, na niliweka.”

“Ni mimi nilikulazimisha.”

“Mikono ni yangu,” alisema.

Injini kubwa ilitolewa. Mke wangu nilimwambia wiki ya tatu, akiwa ananyonyesha. Hakupiga kelele. Alinigeuzia mgongo na hakuniongelesha kwa siku mbili, na hizo siku mbili niliziona za haki.

Siku hizi nikienda Fizi napanda gari. Likianza kushuka ule mlima, mguu wangu wa kulia unakanyaga sakafu kwa nguvu zote, mahali ambapo hakuna breki, na abiria wa karibu huniuliza kama naumwa.