Chati, Utani na Tumbo la Mpwa Wangu

Mtaalamu wa ultrasaundi alikuwa na kijiti cha meno mdomoni, na hakukitoa muda wote aliokuwa akimpima mpwa wangu. Kilikuwa chumba cha kulipia, mjini Morogoro. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mambo yakiharibika anayeulizwa ni mjomba. Ndiyo maana niliyesimama pale ni mimi, si mume wake, aliyekuwa Dumila kwenye biashara yake ya vitunguu.

"Kabila gani, dada?"

"Mluguru, wa Mgeta."

"Kumbe mtani wangu! Mimi Mnyamwezi." Akaizungusha skrini kidogo. "Sasa kwenye chati ya ukuaji mtoto yuko chini. Lakini chati yenyewe ya Wazungu. Mluguru wa Mgeta atazaa nini, twiga? Nyinyi mnazaa njegere, halafu njegere zinapanda mlima."

Mpwa wangu alicheka mpaka tumbo lililopakwa mafuta likatikisika. Nilimuuliza yule bwana turudi lini kupima tena.

"Kurudia nini, mzee wangu? Hata ukimleta kesho hawezi kuwa Mnyamwezi."

Akaandika kwamba hali ni ya kawaida, akafuta kifaa chake kwa kitambaa kilekile alichomfutia mama aliyetangulia.

Kilichonichefua zaidi ya kile kitambaa ni kwamba nusu ya maneno yake ilikuwa kweli. Nimejisomea habari hizi kwa miaka kadhaa, kwa vitabu vya kuazima na baadaye kwa simu. Watoto hawalingani tumboni, na wataalamu wenyewe hawajakubaliana: wako wanaotaka chati moja kwa dunia nzima, wako wanaotaka kila jamii ipimwe kwa chati yake. Sijui nani yuko sahihi. Ila hakuna niliyemsoma aliyesema kwamba ukishatajiwa kabila huna haja ya kutazama tena. Yeye aliichukua hoja ya watu makini akaifanya mto wa kulalia, kisha akaufunika kwa utani, kwa sababu alijua mtani hanuniwi.

Na kweli nilipolalamika, mpwa wangu aliona haya.

"Mjomba, utamkasirikiaje mtani? Watu watasema huna adabu."

Nilimpigia dada yangu, mama yake, aliyeko Mgeta. Naye akacheka. "Watoto wetu wote hutoka wadogo. Wewe mwenyewe ulikuwa unaenea kwenye ungo." Nikakata simu, lakini kila nilipomwona mpwa wangu akipanda ngazi ya duka langu nililitazama tumbo lake, nami sikuona likiongezeka.

Wiki chache baadaye alikuja asubuhi, hajanywa hata chai. "Mjomba, mtoto hachezi kama zamani."

Tulikwenda hospitali. Daktari, mwanamke mkimya, alipima kichwa, paja na tumbo la mtoto, akachunguza damu inavyopita kwenye kamba ya kitovu, kisha akaomba majibu ya mwanzo. Akayaweka kando ya yale mapya.

"Kichwa kimekua kidogo. Tumbo limesimama palepale. Kondo la nyuma halimlishi. Kwa nini hamkurudi?"

"Tuliambiwa sisi Waluguru ni wadogo," mpwa wangu alisema, akijaribu kutabasamu.

Daktari hakutabasamu. Alisema mtoto atolewe siku hiyohiyo, kwa sababu akiachwa humo huenda asifike kesho.

Alitolewa hai, wa kiume. Siku ya pili waliniruhusu kumwona, amefungwa kifuani kwa mama yake apate joto. Nimeona vichanga vidogo vingi vya ukoo wetu: huja vidogo lakini vimejaa. Huyu ngozi ilimning'inia mapajani kama suruali ya kuazima, na usoni alikuwa na mikunjo ya mzee.

Dada yangu alikuwa ameshuka kutoka mlimani na kikapu chake. Aliinama, akamtazama, akafurahi.

"Mtazame, kaka. Babu yetu mtupu. Huyu ni wetu kabisa."

"Dada," nikamwambia, "huyu hajafanana na mtu. Huyu ana njaa."

Mpwa wangu alivuta kanga pembeni, akaanza kumkamulia maziwa kwenye kikombe.