Niliandika Ni Mbovu

Mashine yetu ya upepo haikuwa mbovu. Naanza na hilo kwa sababu nimekaa nalo miaka mingi, na kila nikisimulia habari hizi watu hukimbilia kuilaumu serikali, kana kwamba serikali ndiyo iliyoshika kalamu.

Ilisimama kwenye kilima nyuma ya kanisa, mwendo wa nusu saa kutoka soko la Kalamba. Wazungu wa misheni waliichimbia kisima, wakaijenga, wakaenda zao. Upepo ukizungusha mabati yake, maji yalipanda taratibu mpaka kwenye tangi. Haikutaka kitu ila grisi, na kazi hiyo alipewa mama mkwe wangu, ambaye nilimwita Mwaitu, yaani mama, kama tunavyowaita wakwe kwetu. Kila mwezi alijifunga leso kiunoni akapanda ngazi ya chuma na mkebe wake, wanaume wakitazama kando kwa adabu. Mimi nilifumba macho mpaka ashuke.

Nilipoolewa, miaka ya sitini ikielekea kwisha, Mwaitu alikuwa ameshaachana na njia ya mtoni. Zamani alitoka alfajiri kwenda kufukua mchanga wa mto mkavu, akachota kwa kibuyu, akarudi na maji mgongoni, ukanda umembana kwenye paji la uso. Ukanda ule ulimwachia alama ambayo haikufutika. Siku moja nikiisugua mafuta nilimwahidi kwamba miguu yake haitaikanyaga njia ile tena. Alicheka, lakini alinisadiki.

Sasa sikia upumbavu wetu. Kijiji cha ng'ambo kilipewa na serikali injini ya dizeli, pamoja na pipa la mafuta kila mwezi, bure. Injini ile ilijaza tangi asubuhi moja. Yetu ilichukua siku nzima, na miezi ya upepo mdogo ilisinzia kabisa. Tukaanza kuionea haya. Mwaitu peke yake ndiye aliyesema kwamba upepo ukilala huwa ni majira ya mvua, na maji yako kila mahali, sasa haraka ya nini. Shuleni nilikariri "usiache mbachao kwa msala upitao", na mwalimu alinisifu kwa kuieleza vizuri. Kueleza ni kitu kimoja.

Nilikuwa karani wa mwethya, kikundi chetu cha wanawake cha kusaidiana kazi, kwa kuwa ni mimi niliyefika darasa la saba. Afisa wa maji alipokuja tukamwomba injini. Akatazama juu kilimani, akatikisa kichwa.

"Serikali haiwezi leta mashine penye kuna mashine," akasema. "Andikeni barua. Semeni hiyo ya upepo ni mbovu."

Nilimuuliza kama wangeweza kutusaidia na boli na mabati mapya ya hiyo tuliyo nayo. Akasema fungu la upepo halipo. Lililopo ni la dizeli.

Basi nikakaa kwenye benchi la kanisa nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri ulionipa sifa: Mashine ya upepo ni mbovu. Wenzangu wakaweka vidole gumba. Mwaitu hakuwapo, alikuwa juu kwenye ngazi akipaka grisi.

Tatizo ni kwamba mkubwa wa afisa alikuwa anakuja kukagua, na kitu kibovu hakizunguki. Ikabidi mwethya iitwe. Wanawake ishirini tulifunga kamba, tukavuta tukiimba, kama tulivyoimba tukichimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Mabati yakaanguka moja moja. Mengine yalikwenda kanisani kukinga maji ya paa, mengine kwenye mabanda ya kuku. Moja nilitengenezea mlango wa jiko langu. Mwaitu alisimama pembeni na mkebe wake mpaka tukamaliza.

"Ni nani amesema ni mbovu?" akaniuliza.

"Ni serikali, Mwaitu."

Yeye hakujua kusoma. Akaukubali uongo wangu kama alivyoikubali ahadi yangu.

Siwezi kusema injini haikutufurahisha. Ilinguruma, tangi likafurika, tukapanda sukuma wiki mpaka tukachoka kuzila. Lori la serikali lilileta pipa, nasi tulilizoea kama mtu anavyozoea jua kuchomoza. Kisha pipa likaanza kuchelewa. Likaja nusu. Miaka ya tisini ilipoingia, redio ikatangaza kwamba ruzuku ya mafuta imeondolewa, kila mtu ajinunulie. Neno ruzuku nililisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza. Tulichanga, tukanunua dizeli mara mbili, mara ya tatu tukatazamana tu. Injini ikanyamaza, kuku wakataga juu yake.

Mwaitu alikuwa ameshazeeka, magoti yanalia akiinama. Niliamka asubuhi moja nikakuta ukanda wa kubebea maji haupo ukutani. Nilimkuta mtoni, amepiga magoti ndani ya shimo la mchanga, anasubiri maji yajikusanye. Niliona aibu hata kumwamkua.

Nikafunga safari hadi ofisi ya maji. Niliwaambia mnara bado umesimama na kisima kizima, watusaidie mabati na fundi turudishe mashine ya upepo. Kijana wa pale, mpole kabisa, alitafuta faili akalifungua.

"Mama, hapa nyinyi wenyewe mliandika ni mbovu. Ilifutwa kwa orodha. Siwezi itisha vipuri vya kitu haiko." Akageuza karatasi. "Karani alikuwa nani?"

Nikasema alihama.

Mwaitu alikuwa ananingoja mlangoni mwa jiko. Alikuwa ameutoa mkebe wa grisi mahali alipokuwa ameuficha miaka yote ile, ameupangusa vumbi.

"Wamesema nini?"

"Wamesema ni mbovu."

"Ni hao hao wa siku ile?"

"Ni hao hao, Mwaitu."

Alitikisa kichwa, akawasikitikia watu wasiojua mashine. Akaweka mkebe chini, akachukua ukanda wake, akashika njia ya mtoni, nami nikamfuata.