Chaja Aliyoipasua Nekesa

Kilichonitoa nyumbani ni wivu, na heri niseme mapema. Mama Brayo, jirani yangu hapa Olympic, Kibera, alitoka kumtembelea dada yake Kawangware akarudi na chaja mpya. Ile niliyomuuzia mimi alinirudishia ikiwa imefungwa kwa gazeti.

"Hii inachoma mkono," alisema. "Kuna msichana huko huko Kawangware, pale Gatina, anaitwa Nekesa, zake ni poa. Usikasirike, fundi."

Nilikasirika. Ufundi wa simu nilijifunza peke yangu, na kibandani mwangu chaja zimepangwa kwa rangi, kila waya umekunjwa duara. Siuzi moja kabla sijaichomeka nione simu inachaji. Siku mbili nilishinda nikimfikiria mtu ambaye sijawahi kumwona.

Jumamosi asubuhi nilifunga kibanda, nikatia mfukoni chaja mpya kati ya zangu, nikatoka kwa miguu kwenda kuona ananizidi nini. Barabara ya Ngong yote nilikuwa nikipanga maswali ya kumwaibisha mbele ya wateja. Dagoretti Corner nilikata kulia, nikaingia Barabara ya Naivasha. Hapo nilishajiambia kwamba anauza sura tu.

Saa nne nilifika Gatina. Kibanda chake kiko chini ya ghorofa ya kupangisha, karibu na kinyozi. Meza ilikuwa chafu, waya zimevurugana na maganda ya njugu, nikafurahi. Kisha nikaona foleni.

Zamu yangu ilipofika hakuinua hata kichwa. "Sasa. Ni chaja ama ni kioo?"

"Ni chaja. Nataka uilinganishe na yako." Sikumwambia mimi ni fundi.

Aliipima kiganjani. "Hii ni nyepesi kama ganda la njugu." Watu wakacheka. Nami nikacheka, nisijulikane.

Akachukua koleo, akaipasua.

"Mbona unaivunja? Ni mpya."

"Nikileta katoni, moja lazima ife kabla sijauza. Kwa nje zote zinafanana." Alinisogezea vipande. "Huku stima ya ukuta inaingia. Huku inatoka kuenda kwa simu. Ona venye zimekaribiana. Zikigusana, stima ya ukuta inapitia waya hadi kwa mwenye ameshika simu."

Kando ya vipande hivyo akaweka moja aliyokuwa ameipasua kutoka katoni yake. Kati ya pande hizo mbili palikuwa na nafasi ya kutosha punje ya hindi. Kwa ile yangu hata uzi ungepita kwa shida.

"Na hata hii yangu usiifunike na blanketi," aliongeza. "Waya ikichubuka, tupa. Yako ulinunua wapi?"

"Kibera. Kwa fundi fulani."

"Mwambie aache kuziuza. Pengine hajui."

Afadhali angenitukana. Mimi, ninayefuta vumbi kwenye kila pakiti, sikuwahi kuwaza kuvunja kitu kizima ili nijue kilicho ndani.

Nilirudi kwa njia ile ile. Sitadanganya kwamba wivu uliisha, maana uliongezeka: sasa nilijua anastahili ile foleni.

Saa nane, kibandani, nilipasua moja kutoka kila katoni. Katika zote, pande mbili zilikaribiana vilevile. Siku hizi sianzi kuuza katoni kabla sijapasua moja, na kila mara roho huniuma. Lakini siku ile, zile nilizokwisha kuuza zilikuwa majumbani mwa watu, wengine hulala simu ikichaji kando ya mtoto. Nikaanza kupita mlango kwa mlango nikiziomba zirudi.

Mlango wa tatu ni wa mzee anayeshona nguo. Alinipa chaja, akaniangalia. "Sasa mimi nitachaji na nini?"

Niliitia chaja yake mfukoni kwanza.

"Nenda Gatina, uulize Nekesa."

"Kwani huyo amekushinda?"

"Kwa chaja, ndiyo."

Nikamwelekeza kona kwa kona, hadi kwa yule kinyozi, asije akapotea.