Ndege wa Kushoto

"Kama sikio la kushoto halisikii, yule ndege ulimsikiaje?"

Mama aliendelea kuchambua mboga za managu kana kwamba nimemuuliza kama chumvi ipo.

"Ndege gani?"

"Mama, unajua ni ndege gani."

"Hapa Kimulot ndege ni wengi, Chebet."

Tulikuwa tumetoka zahanati mchana huo. Nilimpeleka kwa sababu ya kizunguzungu, na nesi alipomchungulia masikio akauliza hili la kushoto liliacha kusikia lini. Mama akamjibu kwa fahari, kama anayesimulia harusi yake: ng'ombe alimpiga teke akimkamua, wakati ana mimba yangu. Nesi akacheka. Mimi njia nzima nilikuwa nikihesabu miaka.

Nilipokuwa mtoto, safari za kwetu zilipangwa na ndege. Kogo, yaani nyanya yangu, alimfundisha Mama kwamba ukitoka nyumbani na ndege agongaye miti alie upande wako wa kulia, nenda, njia ni nzuri. Akilia kushoto, rudi, kuna baya mbele. Wengi wa rika la Mama walijua hayo, wakayaacha walipookoka. Mama aliokoka pamoja na ndege wake. Alikwenda kanisani na kofia ya marehemu Baba na aproni ya plastiki ya kuchumia chai, eti mvua haimwogopi pasta. Aliwasalimia ng'ombe kwa Kiingereza ili wawazoee wageni. Na njiani ilibidi nitembee kulia kwake. "Kushoto ni kwa ndege," alisema.

Ndege huyo alikuwa na akili. Alilia kushoto siku ya harusi ya shangazi ambaye Mama hampendi. Alilia siku za mikutano ya shule. Siku ya soko hakulia kamwe. Mimi sikumsikia hata mara moja, na Mama akaniambia masikio ya watoto huchelewa kufunguka. Niliamini.

Nilipoitwa shule ya sekondari ya bweni, tulitoka asubuhi ya siku ya mwisho ya kuripoti, mimi na godoro, yeye na sanduku kichwani. Tulipofika penye mikaratusi, Mama akasimama.

"Ndege amelia," akasema, na kuonyesha kushoto kwa kidevu.

Nilimsihi. Akageuka na sanduku langu akaanza kurudi, nami nikamfuata. Wiki iliyofuata nafasi yangu alikuwa amepewa msichana mwingine, na tangu hapo nachuma chai. Sikumlaumu. Jioni ya siku ile tuliyorudi nilipiga magoti nikamshukuru Mungu kwa kuniepusha na baya lililokuwa likiningoja.

Sasa Mama aliweka managu chini.

"Ungeenda, ningebaki na nani?" akasema. "Kaka zako walienda. Wananipigia simu Krismasi."

"Ungeniambia hivyo tu."

"Ningekuambia, ungekaa?"

Nisingekaa. Alijua, ndiyo maana alimtuma ndege.

Bado naicheka kofia yake, hata wiki hii nimeicheka. Nimegundua pia kwamba miaka yote niliyotembea kulia kwake nikidhani ananilinda, alitaka tu kunisikia nikiongea. Hilo lingenifurahisha kama lingekuja peke yake. Shule naweza kuitafuta tena. Kinachoniuma zaidi ni ile sala, kwa sababu Mama alikuwa amekaa kitandani akinisikiliza nikishukuru, mwishoni akasema amina.

Leo asubuhi nimevaa sketi yangu nzuri niende shule ya kutwa iliyo karibu na soko, nimuulize mwalimu mkuu kama wanapokea msichana wa umri wangu. Sikumuaga Mama. Nilikuwa nimeshafungua lango niliposikia mlango wa nyumba ukilia nyuma yangu. Alikuwa amesimama kizingitini, kofia kichwani, sikio lake la kulia amelielekeza kwangu.

"Ukimsikia huyo ndege," akasema, "wewe endelea tu."