Yumo, Lakini Hayumo Ukurasa Wowote

Nilikulia kambini Kasese, ambako jina lilikuwa la kumtenga mtu na mwenzake. Baba alikuwa sajenti wa jeshi, mtu aliyetoka mbali, na safu yetu ya nyumba ilijaa watu wa kila pembe ya Uganda. Ukisikia jina unajua ni la mtoto wa mlango upi, na mama yake ana hasira kiasi gani. Kwa hiyo nilipoajiriwa Bwera, kwenye dirisha la rekodi la kliniki ya watoto wenye ugonjwa wa moyo, nilidhani wiki nzima ya kwanza kwamba wazazi wananichezea.

Wakonzo, wenyeji wa huku, humpa mtoto jina kufuatana na zamu yake ya kuzaliwa. Binti wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, kijana wa tatu lake, na majina ni yale yale nyumba hadi nyumba, kuanzia Nyakiyumbu mpaka milimani Kyondo. Simama sokoni karibu na mpaka uite jina la binti wa kwanza, utaona wauza nyanya wangapi watageuka. La ubatizo nalo halisaidii sana, kwa sababu mapadre wetu wana mapenzi na majina machache tu.

Kliniki ilikuwa ya mradi, si ya serikali, na orodha ya watoto wanaosubiri upasuaji ilikaa kwenye seva ambayo sijawahi kuiona. Zamani ukiifungua, orodha yote iliteremka kwa mkupuo kwenye kompyuta yangu. Kwa intaneti ya Bwera, ungekwenda kunywa chai na kurudi ukakuta bado inazunguka. Watengenezaji wakatuhurumia, wakabadilisha. Kazi ya kutafuta na kupanga ikawa inafanyika huko huko kwenye seva, na sisi tukawa tunaletewa rekodi kumi kwa kila ukurasa. Ukitaka nyingine unabofya "mbele". Hata kile kisanduku cha kuchagua rekodi nyingi zaidi kwa mara moja walikiondoa, ili mtu asijisahau akakwamisha mtandao. Nilifurahi mno. Ukurasa ulifunguka kabla sijamaliza kuvuta kiti.

Mama mmoja alikuwa akiteremka kutoka Kyondo na bintiye mgongoni. Binti alikuwa amepita umri wa kubebwa, mwenye meno ya mbele yaliyokwisha kung'oka, lakini akitembea kidogo tu midomo ilibadilika rangi na ilibidi achuchumae. Moyo wake ulikuwa na tundu. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mama huyo, kwa hiyo jina lake naliacha mlikisie.

Madaktari wa upasuaji huja mara chache kwa mwaka. Kabla hawajafika, wapigaji simu wa mradi, walio na ofisi yao Rukoki, huifungua orodha ya wanaosubiri na kuipitia ukurasa kwa ukurasa. Humpigia kila mzazi: mtoto anaendeleaje, ana homa, mnaweza kuja? Ambaye hakupigiwa hapelekwi mbele ya madaktari. Simu ya mama wa Kyondo haikulia. Madaktari wakaja, wakaondoka. Wakaja tena, na simu yake bado ikawa kimya.

"Madamu, tazama tena," aliniambia dirishani. "Pengine mutoto wangu walimutoa."

Nikachukua kadi yake, nikaandika namba, na binti akatokea papo hapo: jina, kijiji, simu ya mama, na mbele ya neno "hali" imeandikwa "anasubiri".

"Iko, mama. Iko ndani."

"Kama iko ndani, mbona hawamuoni?"

Mimi nikishindwa huwa mkali. Nilimwambia asubiri kwenye benchi kana kwamba kosa ni lake. Halafu nikafanya wanavyofanya watu wa Rukoki: nikaipanga orodha kwa jina, nikaanza ukurasa wa kwanza, nikawa nabofya "mbele".

Nilipofika kwa mabinti wa kwanza, kurasa ziliandamana za jina moja tu, kwa hiyo nikawa nasoma namba za kadi. Mtoto mmoja wa Nyakiyumbu nilimwona kwenye ukurasa fulani, kisha nikamwona tena ukurasa uliofuata. Nikadhani ni macho. Nikarudi nyuma, nikaenda mbele, na yeye yuko kotekote, ametulia. Binti wa Kyondo hakuwepo hata ukurasa mmoja. Nikaipanga orodha kwa namba ya kadi, akatokea mahali pake. Nikairudisha kwenye jina, akapotea. Hapo nilielewa.

Baba alinifundisha jambo hili bila kujua. Sajenti akiamuru kikosi kijipange kwa urefu, wenye urefu sawa husimama popote. Sasa fikiria anawaita kumi wa mwanzo, anawakagua, anawarudisha, kisha anaamuru kikosi kizima kijipange upya ndipo awaite kumi wanaofuata. Wale wa urefu sawa wamekwisha kubadilishana nafasi. Mmoja atakaguliwa mara mbili, mwingine hataguswa, na sajenti ataapa kwa afande wake kwamba amekagua kila mtu. Seva yetu ilifanya hivyo hivyo. Kila ulipobofya "mbele" ilijipanga upya, na waliolingana jina iliwaweka itakavyo. Kwa bahati mbaya ilikuwa na mazoea, na itakavyo yake ilikuwa ile ile kila siku, ya kumwacha nje binti yule yule.

Nilimwandikia mtengenezaji, Kampala. Nilimweleza kwa adabu zote nilizonazo, na si nyingi: orodha ipangwe kwa jina, na majina yakilingana ipangwe kwa namba ya kadi, basi. Akanijibu kwamba amejaribu kwake na inafanya kazi vizuri. Alinitumia na picha ya kioo chake. Palikuwa na watu kumi wa kujaribia, kila mmoja na jina lake, kama safu yetu ya kambini. Nilipomsumbua zaidi akaandika kwamba ombi langu ameliweka kwenye foleni. Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akachungulia. Kulirekebisha mwenyewe sikuweza, kwa kuwa ufunguo wa seva sikupewa, na nilipouomba niliulizwa wa nini.

Nikapiga simu Rukoki. Aliyepokea alikuwa dada mpole, na upole wake ndio ulionimaliza.

"Dada yangu, mimi napigia wale system inanionyesha," alisema. "Nikiongeza mutu kwa mukono watasema nimekula kitu."

Alikuwa na haki. Orodha ile ililetwa ili watoto wa wakubwa wasipenyezwe mbele.

"Basi panga kwa namba, si kwa jina."

"Tuko watatu, tumegawana herufi. Nikipanga kwa namba nitajua aje wangu ni gani?"

Kisha akasema pole, na najua ilitoka moyoni.

Habari zikaja kwamba madaktari wako njiani tena, na mama wa Kyondo akateremka bila kuitwa na mtu. Safari hii binti hakuchuchumaa. Alilala kwenye benchi, kichwa mapajani mwa mama, akiwa na kabalagala, andazi la ndizi, mkononi ambayo hakuwa na hamu nayo. Nilitoka nje ya dirisha langu nikakaa nao. Nilikuwa nimechoka kumwambia kwamba yumo.

"Mama, shida ni jina. Beko wengi sana wenye jina hiyo, na mashine inawachanganya. Wengine inawataja mara mbili. Wako haimutaji."

Nilitegemea alie, au anitukane, na lolote kati ya hayo lingenifaa.

"Wewe mwenyewe," akauliza, "unaruhusiwa kuandika nini hapo?"

"Naruhusiwa kusahihisha. Simu ikibadilika, kijiji, jina likikosewa."

"Basi sahihisha. Mupe jina ingine."

Nilimkatalia. Nilimwambia jina hilo ni la heshima, ni la mtoto wa kwanza, baba yake atasema nini, ukoo utasema nini. Mimi, mtoto wa kambi, nikawa namfundisha Mkonzo mambo ya Kikonzo! Alinisikiliza kama mtu anayesubiri mvua ipite.

"Hiyo jina inasema ni yeye alifungua tumbo yangu," alisema. "Mimi najua. Mashine haina lazima ijue."

Tukatafuta jina. Kila alilotaja, la mama yake, la shangazi, la jirani, nililiandika kwenye kisanduku cha kutafuta na kurasa zikafurika. Mwishowe akanitazama.

"Na wewe, kwenu wanakuita nani?"

Nikamwambia. Akalirudia mdomoni kwa shida, maana lina sauti ambazo kwao hazipo. Nikalitafuta, na kwa mara ya kwanza tangu nikae kwenye kiti kile, orodha ikanijibu kwamba hakuna mtu mwenye jina hilo. Nililiandika kwenye rekodi ya binti yake, nikamchapia kadi mpya yenye namba ile ile. Jambo hili halikuwa sawa, najua, na hata leo sijui lililo sawa lingekuwa lipi. Nilipoipanga orodha kwa jina alikuwepo, peke yake kati ya watu wasiofanana naye. Siku chache baadaye dada wa Rukoki alimpigia mama yake.

Madaktari walipofika nilikwenda kusimama nyuma ya ukumbi. Muuguzi akaliita jina langu kwa sauti, na miguu yangu ikataka kuitika. Mama akasimama. Binti akabaki amekaa, akininyooshea kidole.

"Si mimi. Ni ule madamu."

"Leo ni wewe," mama akamwambia, akamnyanyua.

Walimfanyia upasuaji, na alipona. Miezi baadaye alikuja dirishani kwa miguu yake mwenyewe, akanionyesha kovu bila kuombwa, na mama yake akaniachia mfuko wa kahawa ya shambani kwao. Nilishukuru, nikamtania binti kwamba sasa yeye ni somo yangu, ananidai zawadi ya jina. Walipoondoka nililia, na sehemu moja tu ya kilio ilikuwa ya furaha.

Kwa sababu nilikuwa nimekwisha kurudia zile kurasa. Nilidhani nitapumzika, na badala yake nikaanza tena kusoma namba za kadi katika mabinti wa kwanza. Binti wa Kyondo alipotoka katika kundi lile, waliobaki walisogea, na seva ikajipangia mazoea mapya. Bado yupo anayetajwa mara mbili. Na yule wa Nyakiyumbu niliyemwona kotekote wakati ule, ambaye nilimwonea wivu kwa niaba ya mwenzake, sasa hayumo ukurasa wowote. Nilimtafuta kwa namba akatokea: anasubiri. Nilimwandikia tena mtengenezaji, akanijibu kwamba ombi liko kwenye foleni.

Jana asubuhi alikuja mwanamke kutoka Nyakiyumbu, mtoto amelala begani, kadi imefungwa kwenye karatasi ya nailoni isilowe. Alisema majirani zake wamepigiwa simu na yeye hajapigiwa, labda simu yake ina ubovu, nimsaidie kuitazama. Niliipokea simu, nikaigeuzageuza, nikamrudishia. Ilikuwa nzima. Kisha nikaifungua kadi, ingawa namba yake nilikuwa naijua kwa moyo.

"Mama," nikamuuliza, "huyu mtoto hamuna jina ingine ya kumuita?"

Alishangaa, akamweka vizuri begani.

"Ingine ya nini, madamu? Huyu ni wa kwanza wangu."